Kabla ya Kuwachorea Madaktari Nembo, Uliza Wanabisha kwa Nani

Kuchora nembo ya kinyozi hapa Kitale ni kazi ya nusu saa. Unaweka makasi, kichwa kilichonyolewa kikang'aa, jina kwa herufi nene, kazi imeisha. Hoteli ya chapati na madondo? Sahani inayotoa mvuke. Duka la mbegu na mbolea? Hindi. Yaani huku Trans Nzoia hindi halikosei. Mwenye duka anajua anauza nini, mchoraji anajua, na anayepita barabarani anajua. Hakuna anayeogopa kuingia.

Sasa pewa kundi la utafiti wa kimatibabu uone. Hawa hawauzi kitu. Wao ndio waombaji. Wanakuja kuomba muda wako, historia ya ugonjwa wako, choo cha mtoto kwenye kikopo, na mara nyingi damu. Wanabisha hodi kwa mtu ambaye hakuwaita. Kabla hata hawajasema hamjambo, mwenye boma ameshaona mchoro ulio kwenye mlango wa gari na kwenye kifua cha fulana, na ameshaanza kuamua. Mchoro huo ndio nembo, na wengi wetu kwenye biashara hii tunauchora kana kwamba ni kadi ya harusi.

Mimi si daktari wala msomi wa sanaa. Chuo nilikiacha mwaka wa pili karo ilipomshinda mzee, nikabaki na kipakatalishi cha mtumba na programu ya kuchorea. Kwa hiyo haya ni ya kazini, si ya darasani. Mwaka huu vijana fulani wa afya walinitafuta. Ni kundi dogo: maafisa wa kliniki, nesi, mtu wa maabara na jamaa mmoja wa takwimu. Wanataka kufuatilia malaria na upungufu wa damu kwa watoto, kati ya Kitale na Bungoma. Jina lao silitaji kwa sababu karatasi zao bado ziko kwenye meza za watu.

Walichotaka walikuwa wamekiorodhesha tayari kwenye WhatsApp: nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, msalaba mwekundu, tone la damu, hadubini, ile ngazi ya DNA iliyojipinda, Mlima Elgon kwa nyuma, na chini maneno "Tunaokoa Maisha". Vyote ndani ya duara moja. Siwalaumu. Iambie programu ya akili unde ikuchoree nembo ya utafiti wa afya na itakupa supu hiyo hiyo kwa sekunde chache.

Nikawaambia tufanye hivi: tuchukue kitu kimoja kimoja, tukiulize swali moja. Mama wa Kamukuywa aliye na mtoto mgongoni atakiona vipi? Tulichopata nakiandika hapa, kwa sababu najua kuna mchoraji mwingine Webuye, Kapenguria au Kakamega ambaye wiki hii atapigiwa simu kama niliyopigiwa mimi.

Tone la damu na kivuli cha mumiani

Kiswahili kina neno mumiani. Si neno la juzi. Lilikuwa tayari kwenye kamusi ya Johnson ya 1939: dawa nyeusi kama gundi ambayo watu waliamini imetokana na damu ya binadamu. Huku magharibi mwa Kenya utasikia zaidi neno kachinja. Jina hubadilika, habari ni ile ile: kuna watu wanaotembea na gari, wanakamata wengine na kuwanyonya damu ili ikauzwe.

Mwanahistoria Luise White alizikusanya hadithi hizi kutoka Kenya, Uganda na Zambia, akazitolea kitabu mwaka wa 2000. Wakati wa ukoloni, watu wa Nairobi na Kampala waliwaogopa wazimamoto. Ndiyo, wale wale wa kuzima moto. Walikuwa na gari jekundu, sare, vifaa visivyoeleweka, na hakuna aliyejua hasa wanafanya nini moto usipokuwepo. Watu wakajaza wenyewe.

Watafiti wa afya wamekutana na uvumi huo huo Kilifi, ambako mpango wa KEMRI na Wellcome Trust upo tangu 1989, na wamekutana nao pia upande wa Nyanza. Kuna wanaocheka na kusema ni ushamba. Mimi siuoni ushamba hapo. Mtu aje na gari, achukue damu ya mtoto wako, aende zake, asirudi hata siku moja kukuambia alipata nini. Wewe ungemwita nani?

Sasa chukua tone jekundu la damu, libandike kwenye mlango wa gari jeupe, halafu lipeleke gari hilo kijijini. Umemchorea mumiani kitambulisho chake. Tone likatoka. Na wekundu wote ukatoka nalo.

Nyoka wa Wagiriki, nyoka wa Mango

Fimbo yenye nyoka mmoja ni ya Asclepius, mungu wa uponyaji wa Wagiriki wa kale. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye nembo yake mwaka wa 1948. Ile nyingine yenye nyoka wawili na mabawa juu ni ya Hermes, mjumbe wa miungu na mlinzi wa wafanyabiashara. Kikosi cha madaktari cha jeshi la Marekani kiliichukua mwaka wa 1902, na tangu hapo dunia nzima inazichanganya. Ukimwekea daktari nyoka wawili wenye mabawa, umemwekea alama ya biashara. Labda kwa hospitali fulani za kibinafsi ingefaa, lakini tuyaache hayo.

Shida kubwa haiko Ugiriki. Iko Bungoma. Mtoto wa Kibukusu amekua akisimuliwa habari za Mango, aliyemvizia joka pangoni, joka lililokuwa likimaliza watu, akalikata kichwa. Kwa ushujaa huo akapashwa tohara na majirani wa mlimani, na ndiyo maana Wababukusu wanatahiri. Kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ukifika, hadithi hiyo inaamka upya. Kwa hiyo mweke nyoka kwenye fulana ya mtu anayekuja kuomba damu ya watoto, halafu jiulize: mzee aliyeketi chini ya mwembe amemwona Asclepius au ameliona joka? Huku sisi, shujaa ni yule aliyemuua nyoka.

Jamaa wa takwimu alibisha kidogo. Alisema madaktari wa kimataifa watawatambua wakiona nyoka. Ni kweli. Lakini daktari wa kimataifa haombwi damu. Nyoka akatoka.

Msalaba mwekundu una mwenyewe

Hili ni la sheria, si la ladha, na wachoraji wengi tunalipita tu. Msalaba mwekundu kwenye mandharinyuma meupe haumaanishi "hospitali". Unamaanisha kitu kimoja: usipige risasi hapa.

Henry Dunant, Mswisi, aliona majeruhi wa vita vya Solferino mwaka wa 1859 wakifa bila msaada. Kutokana na alichoandika, mataifa yalikutana Geneva mwaka wa 1864 na kukubaliana juu ya alama moja ya kuwalinda wanaotibu majeruhi vitani. Waligeuza rangi za bendera ya Uswisi. Mikataba ya Geneva ya 1949 inakataza mtu binafsi, kampuni au kikundi kuitumia alama hiyo kivyake. Hapa kwetu tuna Sheria ya Mikataba ya Geneva ya 1968, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina sheria yake ya Bunge ya 1965.

Najua unachowaza. Ukitembea kutoka stendi ya Kitale hadi hospitali utahesabu misalaba myekundu kwenye zahanati, maduka ya dawa na hata kisanduku cha huduma ya kwanza ndani ya matatu. Kwamba wengi wanaiba hakukupi ruhusa. Na kuna sababu ya maana kuliko faini. Siku vurugu zikizuka, yule kijana wa kujitolea anayeingia katikati ya mawe kubeba majeruhi ana kinga moja tu, ile alama kifuani. Ikiwa kila duka la panadol linayo, alama inakosa nguvu siku anayoihitaji. Ukilazimika kuweka msalaba, tumia rangi nyingine, kama ule mweupe kwenye kijani wa huduma ya kwanza. Sisi tuliuacha kabisa.

Vivyo hivyo na ngao ya taifa. Kuna sheria inayolinda bendera na nembo za taifa, na kuzitumia kwenye shughuli zako bila idhini ya maandishi ni kosa. Usiibandike ngao kwenye kona ili kundi lionekane la serikali. Na mwananchi akigundua si la serikali, hutampata tena.

Mlima ni mzuri, lakini uliza ulipitia nini

Mlima Elgon unaonekana kutoka Kitale na kutoka Bungoma, kwa hiyo ungedhani unaunganisha. Kila shule, chama cha akiba na hoteli imeshauchora. Hiyo peke yake ni sababu ya kuuacha, lakini kuna nyingine nzito zaidi.

Mlima huu unajulikana kwenye vitabu vya tiba vya dunia kwa jambo ambalo vijana wengi wa hapa hatukufundishwa. Mwaka wa 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, pale Bungoma, alitembelea pango la Kitum upande wa Trans Nzoia. Siku chache baadaye aliugua, akafa Nairobi. Ilikuwa homa ya Marburg, jamaa wa Ebola. Daktari aliyemhudumia aliambukizwa, kwa bahati akapona. Mwaka wa 1987 kijana Mdenmark wa miaka 15 aliyekuwa ametembelea pango lile lile naye akafa. Mwaka wa 1988 watafiti kutoka ng'ambo na wa KEMRI waliingia pangoni wakiwa na mavazi ya kujikinga, wakapima popo na wadudu, na virusi hawakuvipata. Jibu lilikuja miaka mingi baadaye kutoka Uganda, ambako virusi vya Marburg vilipatikana ndani ya popo wanaokula matunda.

Hiyo ndiyo picha ya utafiti ambayo mlima huu umewahi kupewa: watu waliojifunika kutoka kichwani hadi miguuni. Haitoshi kuchora mlima ukadhani umechora nyumbani.

Halafu kuna yale maneno, "Tunaokoa Maisha". Ukiwa Nairobi yanasikika matamu. Peleka Cheptais au Kopsiro. Mwezi Machi mwaka wa 2008, baada ya mapigano ya ardhi na kundi la SLDF kuhangaisha watu kwa karibu miaka miwili, serikali ilipeleka jeshi Mlima Elgon. Mashirika ya kutetea haki za binadamu yaliandika kuhusu wanaume waliokamatwa kwa wingi, waliopigwa na kuteswa, na wengine ambao hawakuonekana tena. Operesheni hiyo iliitwa nini? Okoa Maisha.

Nilipolisema hilo kwenye kikao, nesi aliyekulia upande huo alinyamaza kidogo, kisha akachukua kalamu na kuyapiga maneno yale mstari. Hatukujadili tena.

Usiutaje ugonjwa

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Nembo haimtambulishi mtafiti peke yake. Inamtambulisha pia yule anayeonekana naye.

Fikiria utepe mwekundu. Wasanii wa New York waliutengeneza mwaka wa 1991 kuonyesha mshikamano na wagonjwa wa ukimwi, na nia ilikuwa njema. Lakini gari lenye utepe huo likiegeshwa langoni pa mtu kwa dakika 40, majirani hawahitaji kuuliza. Kadi ya miadi ikidondoka sokoni, siri imedondoka nayo. Wanaoheshimu siri za wagonjwa kwa kufunga kabati kwa kufuli wanaweza kuzimwaga kwa fulana.

Angalia AMPATH, mpango wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa ya Eldoret na vyuo vya Marekani, ambao umefika Webuye, Kitale na kwingine huku magharibi tangu 2001. Herufi zile mwanzoni zilisimamia kinga na matibabu ya ukimwi. Kazi ilipopanuka hadi kisukari, shinikizo la damu na mengine, maana ya herufi ilibadilishwa ikawa ya huduma za afya kwa jumla, lakini herufi zenyewe zikabaki. Somo kwa mchoraji liko wazi. Utafiti huanza na ugonjwa mmoja, kisha hukua. Nembo yenye mbu leo itakuwa mzigo siku kundi litakapoanza kupima presha. Na nembo yenye ugonjwa, wowote ule, inamwandika mwenye boma jina ambalo hakuchagua. Kwa hiyo hadubini, mbu na DNA vikatoka pamoja.

Rangi nazo zina vyama

Ulidhani rangi ni rahisi? Njano ni UDA. Chungwa ni ODM. Kijani, watu watakuuliza kama unatoa huduma za M-Pesa. Bluu, polisi walivalishwa mwaka wa 2018. Na mtu akikushauri uweke simba kwa sababu ana nguvu, mkumbushe kuwa simba ni Ford Kenya. Ukimpeleka Bungoma mjini watu watauliza mkutano ni saa ngapi. Utafiti wa miaka mitatu lazima uvuke uchaguzi, na hutaki kufukuzwa kwenye boma kwa sababu ya kura ambayo hukupiga.

Tulichagua kahawia, rangi ya udongo. Udongo hauna mgombea.

Mtihani wa fotokopi

Wachoraji tunapenda kuonyesha nembo kwenye skrini, ikiwa kubwa, yenye vivuli na rangi zinazoyeyukiana. Nembo ya utafiti haiishi kwenye skrini. Inaishi kwenye fomu ya ridhaa, ile karatasi ambayo mzazi anaisoma au kusomewa kabla ya kukubali mtoto apimwe. Fomu hiyo itatolewa fotokopi, halafu fotokopi ya fotokopi, kwenye duka fulani la Webuye ambako wino umekaribia kwisha. Ngazi ya DNA ikifika hapo inafanana na mnyoo.

Kwa hiyo jaribu hivi kabla hujamtumia mteja chochote. Ipunguze nembo hadi iwe saizi ya sarafu ya shilingi moja. Itoe kwa rangi nyeusi peke yake. Itoe fotokopi mara tatu. Fikiria muhuri wa mpira, na fikiria uzi wa fundi anayetarizi fulana, ambao hauwezi mistari myembamba. Kama bado inaeleweka, umepata nembo. Mpe mteja faili la vekta linaloweza kukuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuharibika, si picha ya WhatsApp. Inkscape ni ya bure, kwa hiyo bei ya programu si kisingizio.

Jambo jingine: utafiti wa aina hii unahitaji kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, na fomu anayopewa mwananchi hupitiwa na kamati. Nembo iwe tayari mapema, na usiweke nembo ya hospitali, kaunti au chuo kando ya yenu bila ruhusa ya maandishi. Mzazi anaweza kukubali kwa sababu ya nembo hiyo ya pili. Kama hawakuruhusu, amedanganywa.

Viti viwili

Tulibaki na karatasi tupu. Ndipo mtu wa maabara akauliza: ukifika kwa mtu vizuri, kitu cha kwanza unachopewa ni nini? Kiti. Karibu kiti. Mbukusu atakupa, Msabaot atakupa, Mteso, Mpokot na Mturkana wa Kitale watakupa. Hatukuhitaji kuchagua kabila. Tukachora kigoda cha miguu mitatu, tukatoka nacho.

Soko la Chwele, upande wa wauza maharagwe, nilimwonyesha bibi mmoja.

"Kukhu, ukiona gari lenye mchoro huu likiingia kwako, utasema ni la nani?"

Aliishika karatasi mbali kidogo, akaiangalia kwa utulivu.

"Hiki ni kiti cha mzee. Sasa mgeni amekuja, mzee amekaa. Mimi ambaye mtoto ni wangu nitakaa wapi, kijana wangu?"

Wateja wake wawili walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Kigoda kile kwenye nyumba nyingi kina mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamume. Na atakayeulizwa kuhusu homa ya mtoto ni mama.

Jioni hiyo nesi akasema tuchore viti viwili, vya kawaida, visivyo vya mzee wala vya ofisi, vinavyotazamana. Nikavichora. Cha kushoto kilikuwa kirefu kidogo, kwa sababu ndivyo macho yanavyopenda, kimoja kikubwa na kingine kidogo. Afisa mmoja akauliza, "Na huyu wa kiti kirefu ni nani?" Sote tulijua jibu lilivyoweza kusomwa. Tukavifanya sawa, kimo kile kile, upana ule ule. Mtafiti na mwananchi wanakaa macho kwa macho. Chini yake tukaandika kwa Kiswahili kinachosomeka: Utafiti wa Afya ya Mtoto. Hakuna vifupisho.

Kanduyi tulimwonyesha jamaa wa boda tukiwa tumefunika maandishi. Akasema, "Buda, hawa wanauza fanicha?" Tukacheka hadi akataka kujua kumezidi nini. Lakini nilifurahi. Kati ya kudhaniwa unauza fanicha na kudhaniwa unanyonya damu, chukua fanicha. Maandishi yatamaliza mengine.

Na usidhani watu hawa ni wageni kwa utafiti. Chanjo ya kwanza ya malaria ilipoanza kutolewa kwa majaribio nchini Septemba 2019, Bungoma ilikuwa miongoni mwa kaunti 8 zilizochaguliwa. Akina mama walipeleka watoto kliniki kwa dozi 4, huku takwimu zikikusanywa. Ushahidi kutoka Kenya, Ghana na Malawi ndio ulioifanya WHO kuipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Mama unayemdhani haelewi anaweza kuwa ameshachangia dawa inayotumika nchi ambayo wewe hujawahi kufika. Anachotaka ni kuheshimiwa, basi.

Kabla hujatuma bili

Ndugu yangu mchoraji, hili ni letu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ukiagizwa kazi na mtu asiye mwajiri wako, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hiyo andikianeni, hata ukurasa mmoja: bei ni ngapi, mabadiliko mangapi yako ndani ya bei, malipo ya awali ni yapi, na kama una ruhusa ya kuionyesha kazi hiyo kwa wateja wengine. Wao nao, wakitaka kuilinda nembo, waisajili kwa KIPI kama alama ya biashara. Huduma za utafiti wa kisayansi ziko kwenye daraja la 42, na usajili hudumu miaka 10 kisha unaufufua.

Na usiwatoze bei ya kinyozi. Kinyozi hakukutuma Chwele kwa matatu.

Jambo la mwisho halikutoka kwangu. Kundi lile lilikubaliana kuwa gari lenye viti viwili halitaingia kijiji chochote mara moja tu. Likichukua damu, lazima lirudi, likiwa na nembo ile ile mlangoni, kueleza nini kilipatikana, hata kama hakuna kilichopatikana. Waliniomba niandike hilo kwenye mwongozo wa nembo, pale ambapo kwa kawaida tunaandika rangi na vipimo. Nimeliweka ukurasa wa kwanza, juu ya rangi.